Chai ya Mkia wa Mfongo

Vijana mnaokuja kwangu Rau kuniomba niwaangalizie michoro yenu, mnanichekesha sana. Mnafika na kompyuta begani, mnatupa shikamoo ya haraka haraka, na kabla sijavaa miwani mmeshaanza kunionyesha jinsi kitu chenu kinavyozunguka kwenye kioo, juu, chini, mpaka tumboni kwake. Ni kitu kizuri, siwaonei wivu ila kidogo. Nawaangalia, nakunywa chai yangu, halafu nauliza swali moja tu, na nyinyi mnatazamana mkidhani mzee ameanza kusinzia. Leo nimeamua kuwaandikia swali hilo lilikotoka, ili siku nyingine mje na jibu, na chane moja ya ndizi mbivu.

Kwa wasionijua, mimi ni Fundi Petro. Nimechora mashine karibu miaka thelathini katika karakana moja ya mjini hapa, na nimestaafu nikiwa na vidole vyote kumi. Kwa kazi yetu hicho ni cheti kikubwa kuliko kile nilichopewa chuoni.

Sisi tulichora kwa wino, tumesimama mbele ya ubao, juu ya karatasi nyepesi inayopitisha mwanga. Ukikosea hufuti. Unachukua wembe, unakwangua wino taratibu bila kutoboa karatasi, halafu unalainisha pale mahali kwa ukucha ili wino mpya usitambae. Kabla soko halijafunguliwa kwa bidhaa za nje hata wembe ulikuwa wa kutafuta kwa kujuana. Nilikuwa na mmoja ambao asubuhi ulininyoa ndevu na mchana ukaninyoa makosa, na vyote viwili viliota tena kesho yake.

Mkuu wa chumba cha michoro alikuwa Mzee Eliakimu, mtu wa Old Moshi, mrefu, mwimbaji wa besi katika kwaya ya usharika wao. Alivaa koti la khaki lenye mifuko mikubwa, na katika mfuko wa kulia hakukosa ndizi mbichi. Siku ya kwanza nilidhani ni chakula chake cha mchana. Kumbe ilikuwa kifaa cha kazi.

Nilikuwa nimechora mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, na ya mfano ilikuwa imesimama sakafuni inang'aa. Nilijisikia bwana harusi. Mzee Eliakimu aliizunguka mara moja, akatoa ndizi, akaipenyeza kwenye upenyo niliouacha karibu na kisu, akaniambia nizungushe mpini. Nikazungusha. Kipande cha ndizi kikaruka mpaka kwenye kiatu changu.

"Hicho ni kidole cha mama wa watu," akasema. "Kiokote."

Nilikiokota, nikachora kinga ya bati, akarudi na ndizi nyingine. Ilichukua ndizi sita. Ya saba haikupata pa kuingia, tukaichemsha na zile nyingine zilizokatwa, tukala chumba kizima kwa chumvi. Kwa hiyo mkiona mashine za zamani za karakana yetu zina kinga hata mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hawezi kuweka mkono, mjue ndizi ya Mzee Eliakimu ilifika hapo.

Na jambo jingine mlikumbuke, maana nitalirudia. Kila mchoro ulikuwa na kisanduku upande wa chini kulia. Ndani yake palikuwa na mstari wa Mchoraji, na chini yake mstari wa Mkaguzi. Mchoraji nilikuwa mimi. Mkaguzi alikuwa yeye. Bila sahihi mbili hakuna nakala, na bila nakala hakuna mtu karakana nzima aliyeruhusiwa kukata hata kipande cha bati.

Sasa niwaeleze ujinga wangu ulipotokea, kwa sababu kila ujinga una kwao. Wazazi wangu ni wa Singida. Baba alikuja kufanya kazi kwenye shamba la miwa kule tambarare, nami nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi. Kwetu maji yalikuja kwa mfereji wa shamba, tukayatumia, yakaondoka. Yalikwenda wapi? Yalikwenda nje. Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa hakuna tuliyemjua aliyekaa huko nje. Mlima nilikuwa nauona kila asubuhi, lakini mambo ya mlimani sikuyajua.

Basi, soko likafunguliwa. Bidhaa zikaja, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaja, na mashine za kigeni nazo zikaja, zimepakwa rangi za kupendeza. Karakana yetu, iliyokuwa imezoea kusubiriwa na wateja, ikaanza kuwatafuta. Meneja akatuita, akasema wakulima wameanza kuunda vikundi, wanataka mashine moja kubwa ya kumenya kahawa mbivu, yenye injini, badala ya kila nyumba kuzungusha kamashine kake ka mkono. Akanipa mimi. Ilikuwa mashine yangu ya kwanza kuanzia mdomo hadi miguu.

Niliichora kwa mapenzi. Kahawa mbivu inamiminwa juu, maji mengi yanaisukuma, ngoma inamenya, mbegu zinatoka kushoto, na maganda yanabebwa na maji kulia kwenye bomba pana. Mwisho wa bomba nilichora mshale mzuri sana, na kando yake nikaandika: maji machafu. Mshale ulielekea ukingoni mwa karatasi, na hapo mchoro ukaisha.

Mzee Eliakimu alipita kila mstari kwa ncha ya penseli, kama kawaida yake. Alipofika pale akasimama.

"Mshale huu unakwenda wapi?"

"Nje, mzee."

"Nje ni wapi?"

"Nje ya mashine."

Aliguna. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa siku ya mazoezi ya kwaya na gari la kupandia kwao halikuwa la kusubiri mtu. Akasaini, akachukua kofia yake. Nawaambia hivi si kwa kumsema marehemu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeisimulia habari hiyo mara nyingi kuliko mimi.

Kikundi cha kwanza kilikuwa katika kijiji kimoja juu, upande wa Kilema. Tuliifunga mashine kando ya mfongo, ule mfereji wa asili unaotoa maji korongoni na kuyapitisha kihamba hadi kihamba, kwenye migomba na mibuni ya kila nyumba, mpaka kwa mtu wa mwisho. Wakoloni waliukuta, na babu za wanakijiji waliokuwa hai wakati huo nao waliukuta. Siku ya uzinduzi padre alibariki, mbuzi alichinjwa, na mbege, ile pombe ya ndizi, ilimiminwa ya kunoga, nzito, yenye ukakasi kidogo wa ulezi mwishoni. Mimi mtu wa miwa sikuwa mnywaji wake, lakini siku ile niliomba kuongezewa. Nikauliza nani amepika. Wakaniambia ni Mama Restituta wa kule chini, mkiani mwa mfongo. Mashine ikamenya magunia mengi kwa saa chache, watu wakapiga makofi, nikashuka mjini nikiimba. Vikundi vingine vitano vikaleta maombi.

Wiki ya tatu ikaja barua ya mkono, imeandikwa na mwenyekiti wa mfongo, Mzee Damiani. Ilikuwa fupi. Ilisema fundi aliyetengeneza mashine anakaribishwa chai kwa Mama Restituta siku ya Jumamosi asubuhi. Nikadhani wanataka kunipa mbuzi wa pili.

Nilipanda kwa pikipiki ya karakana, nimevaa shati jeupe. Nyumba ilikuwa ya mwisho kabisa, mahali ambapo mfongo umebaki mwembamba wa kurukwa na kuku. Nilikuta watu kama kumi wameketi kwenye mabenchi. Mama Restituta alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye mikono ya mtu anayekoroga mapipa. Nikampa shikamoo, akaitikia vizuri tu, akanimiminia chai kikombe kikubwa.

Niliinua kikombe na harufu ikanipokea kabla ya chai. Ilikuwa harufu ya maganda ya kahawa yaliyooza, chachu, na rangi ya maziwa ilikuwa imegeuka kuwa kitu nisichokuwa na jina lake. Nikawatazama. Wote walikuwa na vikombe na wote walikuwa wanakunywa, taratibu, wakinitazama mimi. Mgeni haachi chai ya watu, hilo hata shambani kwenye miwa tulifundishwa. Nikanywa.

"Maliza, baba," akasema Mzee Damiani kwa upole kabisa. "Ni ya mashine yako."

Akanieleza kanuni yao. Mfongo ni mmoja na wenye nao ni wengi. Anayeuchafua juu huitwa mkiani, anakunywa kile anachokunywa mtu wa mwisho, halafu ndipo anapewa nafasi ya kujitetea. Akasema tangu akiwa kijana ameona watu wengi wakiitwa, na bado hajaona aliyebaki na utetezi mrefu baada ya kikombe cha pili. Mimi wangu uliishia kwenye cha kwanza.

Zamani, nikaambiwa, kila nyumba ilimenya kidogo kwa mkono, maji ya ndoo, na uchafu ukaishia kwenye migomba yake. Mashine yangu ilikusanya uchafu wa nyumba zote, ikauweka kwenye bomba moja pana, ikaupeleka kwa Mama Restituta. Bomba la serikali lilikuwa halijafika kule. Chemchemi ilikuwapo, lakini chini korongoni, na mgongo wa mama yule ulikuwa haumruhusu kupanda na ndoo. Na yeye riziki yake ilikuwa mbege. Mapipa mawili yalikuwa yameharibika, wateja wameonja wakatema, na wengine wameanza kupita kwa jirani wa juu.

Aliongea mwisho, na hakupandisha sauti.

"Yustina wangu anaolewa mwisho wa mavuno. Wakwe wanatoka Kibosho, watu wa kuonja na kusema. Mbege ya mwanangu wa pekee nitaipika kwa maji gani, fundi?"

Nimeulizwa maswali na wakaguzi, na wahandisi wa kizungu, na mke wangu, lakini hilo ndilo lililonikata maneno. Niliona aibu, vijana, aibu ya kweli, ile inayopanda masikioni. Nilisema tu nitarudi.

Kushuka kwenyewe ilikuwa adhabu ya pili. Tumbo langu la tambarare halikuelewana na ile chai. Kati ya pale na barabara kubwa nilisimamisha pikipiki mara nne, na mara zote nne niliingia kwenye vihamba vya watu mbio bila kupiga hodi. Kikongwe mmoja aliniona natoka kwenye migomba yake nafunga mkanda, akanipa pole, akasema samadi ni samadi. Sijawahi kucheka kwa maumivu kama siku ile.

Jumatatu nilimweleza meneja. Hakuwa mtu mbaya, nataka mwelewe. Alikuwa na karakana ya kuokoa na watu wenye watoto shuleni. Alichukua mchoro, akaweka kidole kwenye mshale wangu, akasema: mashine inamenya? Inamenya. Kazi yetu inaishia hapa kwenye bomba, na yanayotokea baada ya bomba ni ya kijiji. Akaagiza nakala tano zitolewe kwa ajili ya vikundi vitano vinavyosubiri.

Mzee Eliakimu alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Hakubishana. Alikwenda kwenye kabati, akatoa karatasi yenyewe ya asili, akaitandaza kwenye ubao wangu, akaniomba wembe. Nikampa. Akainama, akakwangua sahihi yake kwenye mstari wa Mkaguzi, herufi moja baada ya nyingine, kwa uangalifu uleule aliotufundisha, bila kutoboa karatasi. Akalainisha kwa ukucha. Akapuliza vumbi la wino.

"Nilimuuliza kijana nje ni wapi, halafu sikusubiri jibu," akamwambia meneja. "Kosa ni langu na lake. Mpaka tujue mshale unakwenda wapi, mchoro huu haujakaguliwa."

Meneja alifoka mpaka watu wa kukereza vyuma wakazima mashine zao wasikilize. Lakini kanuni ya sahihi mbili ilikuwa imewekwa na yeye mwenyewe, tena imebandikwa ukutani. Mwisho akatupa muda hadi mwisho wa mavuno. Nilijua mwisho wa mavuno ni siku gani nyingine.

Jioni ile Mzee Eliakimu alinipitisha kwao Old Moshi, akakata jani la isale kwenye uzio wake, akanikabidhi. Mimi nilidhani isale ni mmea wa mipaka tu. Akanieleza kwamba mtu akikujia na jani hili mkononi, anaomba umsamehe, na mwenye kuombwa hawezi kukataa. Akaniambia niende kwa yule mama nikiwa nalo kabla sijaenda na spana. Nilimuuliza kama inafaa kwa mtu wa Singida. Akasema jani halijui kabila la mtu, linajua kama umekosa.

Basi mnione, mchoraji mitambo mwenye cheti, napanda mlima kwa pikipiki na jani refu limechomekwa kwenye mfuko wa shati, watoto wa shule wananicheka. Mama Restituta alikuwa anapepeta ulezi. Nikalitoa kwa mikono miwili. Alinitazama mimi, akalitazama jani, nikaona anazuia kicheko.

"Nimelipokea," akasema. "Haya, vua hilo shati jeupe tufanye kazi."

Alinipeleka nyuma ya nyumba palipokuwa na kamashine kake ka mkono, kazee, kameegemezwa kwenye mgomba. Akamimina kahawa aliyochuma asubuhi, akazungusha. Nilisubiri aweke maji. Akaweka nusu sufuria tu, tena kwa kunyunyiza. Kahawa ikamenyeka laini kabisa. Nikamuuliza maji mengine yako wapi. Akachukua tunda moja jekundu, akalibinya, mbegu mbili zikaruka zenyewe kwenye kiganja changu, zinateleza.

"Kahawa mbivu inakuja na maji yake," akasema. "Ukiona inahitaji ya kusukumwa, mmechuma mbichi, au mmeilaza."

Nilisoma mambo ya maji na misukumo kwa miaka mitatu, na hakuna aliyeniambia sentensi hiyo. Mashine yangu ilikuwa inatumia mto mzima kusukuma kitu ambacho kinateleza chenyewe.

Msidhani kuanzia hapo mambo yalinyooka. Mashine kubwa juu ilisimamishwa kwa amri ya Mzee Damiani, na wanakikundi waliorudia mashine za mkono walikuwa wananiangalia kwa jicho baya kila nikipita. Jaribio la kwanza nilipunguza maji bila kugusa ngoma, ikatafuna mbegu kama mbuzi anavyotafuna mahindi. Jaribio la pili ngoma ilikuwa mbali mno, kahawa ikapita na ganda lake, nzima nzima, inatucheka. Nilikata bati, nikachomelea, nikakatua. Nilibadilisha mdomo ukawa na mwinamo, kahawa ishuke kwa uzito wake. Upande wa maganda niliondoa bomba kabisa, nikaweka bati la kuteremkia, maganda yadondoke makavu kwenye vikapu na kila mwanachama arudi na sehemu yake kwenye migomba. Maji machache ya kuoshea mbegu yakaingia kwenye mashimo mawili yaliyojazwa kokoto, mbali na mfongo, na pembeni akina mama wakapanda magimbi, ambayo mwaka uliofuata yalikuwa makubwa mpaka watu wakaanza kuyachimba usiku kwa hila.

Kila baada ya jaribio nilishuka mkiani. Mama Restituta alichota maji mbele yangu, akachemsha, akaweka majani, tukanywa wote wawili. Hiyo ndiyo ilikuwa mizani yetu. Ya kwanza nilishindwa kumeza. Ya pili nilimeza, yeye akamwaga. Ya nne alikunywa mpaka nusu, akafikiri, akasema kuna kitu kwa mbali. Nikapanda juu, nikakuta shimo moja linavuja chini chini. Kipimo cha maabara mjini kisingeniambia, au kingeniambia baada ya mwezi.

Ya saba alikunywa ikaisha. Akageuza kikombe, akakiweka kifudifudi, akaniuliza kama karakana yetu ina likizo, kwa sababu Jumamosi ya tatu ni harusi na pipa linaanza kesho.

Nilirudi nikachora upya kila kitu. Na safari hii karatasi moja haikutosha. Niligundisha ya pili chini yake, nikauendeleza mchoro: mashimo, magimbi, mfongo wenyewe, nyumba ya kwanza, ya pili, mpaka ile ya mwisho. Mshale ukafika mkiani. Nikasaini mstari wa Mchoraji, nikampelekea Mzee Eliakimu. Alipita kila mstari kwa penseli, akaguna kwa kuridhika, halafu akanirudishia bila kusaini.

"Safari hii mkaguzi si mimi," akasema.

Harusi ya Yustina nitaisimulia mpaka nife. Wakwe wa Kibosho walikuja wengi, wamepanga safu, na mbele yao mzee wao mmoja mwembamba ambaye nilionyeshwa kwa kidole kuwa ndiye mwonjaji. Mbege ilitolewa. Mama Restituta alichota kata ya kwanza, na ukumbi mzima ulitazama atampa nani. Akavuka mabenchi yote, akaja nilipokuwa nimejibanza na Mzee Eliakimu, akanipa mimi. Nikanywa. Ilikuwa ileile ya siku ya uzinduzi, nzito, na ukakasi kidogo wa ulezi mwishoni, na hapakuwa na harufu yoyote ya kahawa. Machozi yalinitoka, na sikuyaficha. Yule mwonjaji wa Kibosho alipopata yake alinywa, akafuta ndevu, akanyoosha kata aongezewe kabla hajasema neno.

"Aika mbe," Mzee Damiani akaniambia, akinishika mkono. Ilikuwa asante ya Kichagga ya kwanza niliyopewa nikijua nimeistahili.

Ndipo Mzee Eliakimu alipotoa bomba la karatasi chini ya benchi. Alikuwa amebeba mchoro wangu mpaka harusini, mtu yule. Akautandaza mezani katikati ya sahani za ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma. Karatasi ikawa inajikunja, maana ndiyo tabia yake, na Mama Restituta akakandamiza pembe kwa kikombe chake cha enameli. Mzee Eliakimu akamwonyesha mashine, akamwonyesha mfongo, akamwonyesha nyumba ya mwisho. Mama alifuata mshale kwa kidole, bila haraka, kuanzia mdomo wa mashine mpaka mlangoni kwake. Aliuliza kwa nini hatukuchora banda la ng'ombe. Nikalichora palepale. Kisha Mzee Eliakimu akampa kalamu ya wino na kumwonyesha mstari wa Mkaguzi.

Alifuta mikono kwenye kanga yake mpya. Akaandika Restituta, herufi kubwa za mtu aliyesoma misheni zamani, na jina halikutosha, likavuka kisanduku likaingia kwenye kile cha vipimo.

Meneja alipouona Jumatatu alikaa nao muda mrefu. Akauliza kama huyu mkaguzi ana sifa. Mzee Eliakimu akamjibu kwamba amekunywa mchoro huu mara saba. Meneja akacheka, mara ya kwanza tangu soko lifunguliwe, akaagiza nakala.

Sasa sikilizeni. Kikombe kile cha enameli kilikuwa na mbege chini yake. Kilipoinuliwa kiliacha alama ya duara kwenye karatasi, na karatasi ile ilikuwa ya kupitisha mwanga, kwa hiyo kila nakala iliyotolewa kwa miaka yote iliyofuata ilitoka na mashine, mfongo, sahihi ya Mama Restituta, na duara moja pembeni. Kila mwaka waliletwa mafundi wapya kutoka chuoni, wanauweka mchoro mezani, wanahesabu sehemu moja moja na kuziorodhesha. Na kila mwaka angalau mmoja wao alinijia na penseli sikioni, akaweka kidole pale kwenye duara, akauliza hii ni sehemu gani ya mashine, mbona haina jina.

Nilimwambia aandike: kikombe cha mtu wa mwisho. Wakaandika. Nendeni mkaangalie, bado imo kwenye orodha.